Huduma ya kupima miamba kabla ya kujenga bwawa: nyota 4 kati ya 5

Tuliwaita hawa wataalamu wa jiolojia watukagulie sehemu mbili tulizotaka kujenga bwawa na kwa kweli kazi wanaijua. Mi nilidhani watachimba vishimo viwili vitatu waondoke, kumbe walitembea bonde zima mpaka kule juu maji yatakapotuama wakitafuta nyufa na dalili za maporomoko, na wako sahihi, maana kwenye bwawa la Vajont kule Italia mwaka 1963 ukuta haukuvunjika, ni mlima ndo uliporomoka ndani ya maji, wimbi likaruka ukuta likaua watu karibu 2,000.

Kilichonigusa zaidi ni siku ya kupima kama mwamba unavujisha. Wanatoboa, wanaziba kipande cha shimo, wanasukuma maji kwa presha alafu wanasoma mita. Sehemu ya kwanza mita inakimbia tu, maji yanapotelea chini, na vile vipande vya mwamba walivyopanga kwenye sanduku vilikua vimekatikakatika, nyufa zina rangi ya kutu maana maji yamekua yakipita humo miaka yote, nikashika kimoja kikamegeka mkononi. Sehemu ya pili mwamba ulitoka mrefu, mzima, mgumu.

Nyota moja nimekata kwa sababu ripoti ilichelewa wiki tatu, na ramani zake mtu asiye mtaalamu haelewi kitu mpaka upige simu uulize, hilo warekebishe jamani. Sehemu ya kwanza tumeiacha, na wiki ijayo wanarudi kutoboa mashimo mengine ya pembeni pale ukuta utakapoegemea.