EpiPen kwa mtazamo wa shule

EpiPen ni sindano yenye umbo la kalamu, iliyojazwa dozi moja ya adrenalini, dawa ya dharura ya mzio, na shule inayompokea mtoto mwenye mzio mkali wa karanga, maziwa au sumu ya nyuki haikosi kuambiwa habari zake. Naitathmini hapa kwa mahitaji ya shule, si ya hospitali, kwa kuwa atakayeishika wakati mtoto anavimba ulimi na kukosa pumzi huenda akawa mwalimu wa hesabu au mpishi.

Kwa kigezo hicho, imeundwa vizuri. Mtumiaji huondoa kizuizi cha buluu, hukandamiza ncha ya rangi ya chungwa kwenye upande wa nje wa paja mpaka asikie mlio, kisha huishikilia hapo kwa sekunde 3. Hakuna kupima dawa wala kutafuta mshipa, sindano hupenya hata kwenye suruali, na ikichomolewa hufunikwa yenyewe. Kasoro iliyopo ni kwamba mtu aliyetaharuki anaweza kuigeuza akajidunga kidole gumba. Ndiyo maana nakithamini sana kifaa chake cha mazoezi, ambacho hakina dawa wala sindano na hutumika tena na tena. Shule ikinunua dawa bila kuwafanyisha watumishi wake mazoezi, imenunua nusu ya kinga. Kifaa hicho kisihifadhiwe pamoja na kalamu halisi, kwa sababu kosa la kuvichanganya halitagunduliwa mpaka mtoto awe amelala chini.

Jambo linalosumbua zaidi ni utunzaji. Dawa hii huharibiwa na joto na mwanga, haitakiwi kuwekwa kwenye friji, na muda wake huisha upesi kiasi kwamba lazima awepo mtu maalumu wa kukagua tarehe. Mtoto mwenye uzito wa kilo 15 hadi 30 hupewa kalamu ya miligramu 0.15, na aliyezidi hapo ya miligramu 0.3, hivyo mwanafunzi anaweza kukua akaipita dozi yake katikati ya masomo. Kalamu ziwe mbili, kwani dalili zisipopungua dakika chache baada ya dozi ya kwanza huhitajika ya pili, huku gari la wagonjwa likiwa limeshaitwa na mtoto akiwa amelazwa, miguu imeinuliwa. Akipumua kwa shida, aachwe akae. Kuzifungia kwenye kabati ambalo ufunguo wake anao mwalimu mkuu peke yake ni sawa na kutokuwa nazo.

Faida ambayo haitajwi mara nyingi ni ya kijamii. Shule iliyozoea kifaa hiki haina sababu ya kumtenga mtoto kwenye meza ya peke yake, wala kumwacha nyumbani siku ya safari, kwa kuwa mfuko wenye kalamu na mpango wake wa dharura husafiri na msimamizi aliyefundishwa. Hata hivyo, kalamu haiondoi wajibu wa kusoma lebo za vyakula na kunawa mikono kwa sabuni, maana jeli ya kutakasia mikono haiondoi protini za karanga.

Kwa watumishi wanaoogopa sindano, Marekani iliidhinisha mwaka 2024 dawa ya adrenalini ya kupuliza puani iitwayo neffy. Ningeifikiria pale tu inapopatikana na daktari wa mtoto anapoikubali. Kwa sasa, kati ya hizo mbili, shuleni ningechagua kalamu.