Nyaraka za Taifa, Kew: mahali pa kumpima upya Churchill wa miaka ya Mau Mau

Winston Churchill alishika uwaziri mkuu wa Uingereza mara mbili. Kipindi cha kwanza, 1940 hadi 1945, ndicho kilichompa sanamu na makumbusho. Cha pili kilianza Oktoba 1951 na kuisha tarehe 5 Aprili 1955 alipojiuzulu, na ndicho kilichoiangukia Afrika Mashariki. Hali ya hatari ilitangazwa Kenya tarehe 20 Oktoba 1952, Kabaka Mutesa II akafukuzwa Buganda mwishoni mwa Novemba 1953, na Operesheni Anvil ikaizingira Nairobi kuanzia tarehe 24 Aprili 1954. Anayetaka kumhukumu Churchill kwa mambo haya, si kwa hotuba za vita, hana budi kupitia Nyaraka za Taifa za Uingereza zilizoko Kew, magharibi mwa London.

Tathmini hii inaiangalia huduma yao kwa kazi hiyo moja tu. Kwa karatasi za Baraza la Mawaziri na za ofisi ya waziri mkuu, huduma ni nzuri sana, na sehemu kubwa ya kazi unaifanya bila kutoka nyumbani. Kwa majalada yaliyobebwa kutoka Nairobi kabla ya uhuru, hali ni nyingine, na msomaji wa kwetu ana kila sababu ya kukasirika.

Anzia kwenye katalogi yao ya mtandaoni, inayoitwa Discovery. Kosa la wengi ni kuandika "Mau Mau" na kubonyeza papo hapo. Hapo utaletewa lundo la karatasi za jeshi, polisi na medali, na mambo ya waziri mkuu yatazama humo. Weka kwanza alama ya mfululizo, yaani kundi la majalada ya ofisi moja, kama CAB 128, kisha miaka 1951 hadi 1955, halafu ndipo uandike neno. Maneno nayo yawe ya wakati ule, yaani yale waliyoyatumia makarani wa Kiingereza: "Emergency" (hali ya hatari), "Kikuyu", "screening" (kuchuja washukiwa), "detention" (kuweka kizuizini), "villagisation" (kuhamishia watu kwenye vijiji vya kulazimishwa). Ukitafuta kwa lugha ya leo hutapata kitu, kwa sababu majina ya majalada yaliandikwa siku jalada lilipofunguliwa na hayakubadilishwa.

Mfululizo wa kwanza kusoma ni CAB 128, mihtasari ya vikao vya Baraza la Mawaziri. CAB 129 ni nyaraka ambazo mawaziri waliziwasilisha kwenye vikao hivyo. Yote mawili yamewekwa kidijitali na yanapakuliwa bure, kwa hiyo mwanafunzi aliyeko Eldoret au Morogoro anaanza sawa na aliyeko London. Hili ni jambo kubwa, na linastahili sifa bila masharti.

Ukifungua muhtasari wowote wa CAB 128, usikimbilie ajenda. Soma kwanza orodha ya waliohudhuria kwenye ukurasa wa mwanzo. Churchill alipata kiharusi tarehe 23 Juni 1953, na wananchi wakafichwa ukubwa wa ugonjwa wake. Eden, aliyetazamiwa kumrithi, alikuwa Marekani akifanyiwa upasuaji, kwa hiyo vikao vikaongozwa na R. A. Butler mpaka Churchill aliporudi mezani mwezi Agosti. Miezi hiyo ilikuwa mizito kwa Kenya. Jenerali George Erskine alikuwa ndiyo kwanza amefika kuchukua uongozi wa majeshi, na mahakama maalumu za hali ya hatari, zilizoharakisha kesi za kifo, zilikuwa ndiyo kwanza zimeanza. Atakayesema "Churchill aliamua" kuhusu Julai 1953 bila kutazama nani alikuwa kwenye kiti atakuwa amejenga hoja juu ya mchanga. Orodha hiyo pia haimwondolei lawama, kwa sababu mitambo ile iliwekwa tayari kabla hajaugua, na alipopona hakuizima.

Udhaifu wa CAB 128 ni kwamba mara nyingi majina ya waliobishana yamefichwa nyuma ya maneno kama "katika majadiliano ilielezwa kuwa". Dawa yake ni CAB 195, madaftari ya Katibu wa Baraza, Norman Brook. Brook aliandika kwa mkono, kwa vifupisho, akionyesha nani kasema nini. "P.M." ni waziri mkuu, na mawaziri wengine huwa kwa herufi za kwanza za majina yao. Hati yake inasumbua macho mwanzoni. Njia inayofaa ni kufungua muhtasari rasmi wa siku ileile upande mmoja na daftari upande wa pili, kisha kulinganisha kipengele kwa kipengele. Utaona mahali ambapo ugomvi wa nusu saa umelainishwa ukawa sentensi mbili za adabu.

Hapa ndipo Churchill wa Kenya anapoonekana. Mwaka 1953, suala la hukumu za kifo lilipofika mezani, alitahadharisha dhidi ya kuwanyonga watu wengi kwa mkupuo, kwa hofu kwamba umma wa Uingereza ungeona kitu kinachofanana na mauaji ya halaiki ya kisheria. Wanaomtetea hulitaja hili kama ushahidi wa huruma. Lisome kwa utulivu. Tahadhari ilihusu wingi kwa wakati mmoja na macho ya umma. Haikuhusu haki ya mahakama zenyewe, wala sheria iliyomnyonga mtu kwa kukutwa na silaha au risasi tu. Hadi hali ya hatari inaondolewa mwaka 1960, zaidi ya watu 1,000 walikuwa wamenyongwa Kenya, na kipindi cha Churchill kilibeba sehemu kubwa ya hesabu hiyo.

PREM 11, majalada ya ofisi ya waziri mkuu, mengi yake unayasoma Kew kwenyewe. Humo tafuta karatasi fupi zenye kichwa cha waraka binafsi wa waziri mkuu na namba inayoanza na M, ikifuatiwa na mwaka, kama vile /53. Hayo ndiyo maagizo na maswali aliyoyatoa yeye mwenyewe, na mara nyingi utaona ufupisho wa jina lake, W.S.C., pembeni. Hesabu maswali ya Kenya dhidi ya maswali ya Misri, Urusi na bomu la haidrojeni. Uzito wa mambo kichwani mwake unaonekana hapo kuliko katika hotuba yoyote. Kenya aliiachia zaidi Wizara ya Makoloni, kwanza chini ya Oliver Lyttelton na kuanzia Julai 1954 chini ya Alan Lennox-Boyd.

Hata hivyo, rungu alikuwa nalo. Alimkabidhi Erskine barua ya kumruhusu kuchukua madaraka ya serikali ya Nairobi na kutangaza utawala wa kijeshi akiona inafaa. Erskine aliitunza barua ile ndani ya kasha la miwani na hakuitumia, ila wakubwa wa Nairobi walijua iko. Kwa maoni yetu hili ndilo jambo zito kuliko yote katika kumpima Churchill upya. Waziri mkuu aliyeweza kuivua madaraka serikali ya koloni kwa karatasi moja hawezi kutetewa kwamba mambo ya vizuizini, yaani kambi walimofungiwa washukiwa wa Mau Mau, yalikuwa mbali na mkono wake.

CO 822 ni mfululizo wa Wizara ya Makoloni kwa Afrika Mashariki. Ni mpana na unachosha, lakini ndiko kuliko na Uganda ya Kabaka na gavana Andrew Cohen, pamoja na mkasa wa Kanali Arthur Young, aliyeletwa kuisafisha polisi ya Kenya na akajiuzulu mwishoni mwa 1954. Ukiwa na siku moja tu, mfuate Young. Malalamiko yake yanakuonyesha ni nini London ilikuwa inajua wakati Churchill bado yuko ofisini.

Sasa huduma ya pale penyewe. Shuka stesheni ya Kew Gardens, kisha ni mwendo mfupi kwa miguu. Kuingia ni bure. Jumapili na Jumatatu hufungwa, na Jumanne na Alhamisi hukaa wazi hadi jioni. Ili kushika hati halisi unahitaji kadi ya msomaji, nayo ni bure. Jisajili mtandaoni, kisha ufike na uthibitisho wa jina na uthibitisho wa anwani. Wageni wengi hukwama kwenye anwani, kwa hiyo beba taarifa ya benki iliyochapishwa kutoka nyumbani pamoja na pasipoti. Agiza majalada siku kadhaa kabla. Ukiagiza ukiwa pale utasubiri kama saa moja kwa kila mzunguko, na baadhi ya hati huhifadhiwa kwenye mgodi wa chumvi huko Cheshire, hizo haziji siku hiyohiyo.

Chumba cha kusomea kina sheria kali, na zina sababu. Kalamu ya wino ni marufuku, penseli ndiyo inayoruhusiwa. Begi linabaki kwenye kabati, vitu vyako unaingia navyo kwenye mfuko unaoonyesha. Kupiga picha kwa simu ni bure bila mwanga, na hili linaokoa fedha nyingi, kwani ukiomba nakala kwa mbali unalipa kwanza ada ya kukagua kurasa kabla hata ya bei ya nakala yenyewe. Karatasi za jalada zimefungwa pembeni juu kwa uzi wenye vichuma, usiufungue. Mara nyingi karatasi mpya iko juu, kwa hiyo anza kusoma kutoka chini kupanda juu, la sivyo utasoma jibu kabla ya swali. Kabla ya kupiga picha ya ukurasa wowote, piga ya gamba la nje la jalada lenye namba yake. Picha 300 zisizo na namba ya jalada hazina kazi, hutaweza kuzinukuu popote.

Ukikuta karatasi ya kujazia pengo inayosema hati imezuiwa chini ya kifungu cha 3(4) cha sheria ya kumbukumbu ya 1958, andika namba na tarehe. Unaweza kuomba ifunguliwe kwa sheria ya uhuru wa habari. Usitegemee hivyo kwa Iran, ambako Churchill aliidhinisha njama ya kumwangusha waziri mkuu Mossadegh mwaka 1953. Idara ya ujasusi wa nje haitoi majalada yake kabisa, na sehemu hiyo ya rekodi yake Kew haiwezi kuijaza.

Tumeacha FCO 141, mfululizo wa majalada yaliyobebwa kutoka makoloni kabla ya uhuru, mpaka hapa kwa makusudi. Karatasi za 1953 kwa kanuni ya miaka 30 zilitakiwa kuwa wazi tangu Januari 1984. Majalada yapatayo 1,500 ya Kenya hayakuonekana popote. Wazee watano wa Kenya walipoishtaki serikali ya Uingereza mwaka 2009 kwa mateso ya vizuizini, ndipo ikabidi, mwaka 2011, ikiri kwamba majalada yapo kwenye ghala lake la Hanslope Park. Yalihamishiwa Kew kwa awamu kati ya 2012 na 2013. Tarehe 6 Juni 2013 serikali ilieleza masikitiko yake bungeni na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa madai ya watu 5,228.

Mfululizo huu una mambo mazito, na pia una mitego. Majalada mengi yanavuka mawaziri wakuu watatu, na jina la jalada halikwambii. Ile barua ya Mwanasheria Mkuu wa Kenya, Griffith-Jones, kwa gavana Baring, inayosema kama ni kutenda dhambi basi itendwe kimyakimya, ni ya Juni 1957. Mauaji ya kambi ya Hola, ambako wafungwa 11 walipigwa hadi kufa, ni ya Machi 1959. Yote mawili ni ya wakati wa waziri mkuu Macmillan. Ukiyamwagia Churchill, mtetezi wake wa kwanza atakuangusha kwa tarehe tu, na hoja zako za kweli zitaanguka nayo. Ya Churchill yanatosha yenyewe: mahakama za 1953, Anvil, na kuwahamishia Wakikuyu zaidi ya milioni moja kwenye vijiji vya kulazimishwa, kazi iliyoanza 1954.

Pia kumbuka kwamba kilichoko FCO 141 ni mabaki. Maagizo ya 1961 kutoka kwa Iain Macleod, waziri wa makoloni, yalitaka serikali mpya zisiachiwe karatasi za kuiaibisha Uingereza, na mengi yalichomwa moto. Kilichofika Kew ndicho walichoamua kukihifadhi. Zaidi ya hayo, mwaka 2022 mfululizo huu ulifungwa kwa muda kwa hofu ya mabaki ya dawa ya kuua wadudu kwenye karatasi, kwa hiyo soma tangazo kwenye katalogi kabla ya kukata tiketi ya ndege.

Kwa mwenye uwezo wa safari moja tu, mpangilio unaofaa ni huu: CAB 128, 129 na yanayopatikana ya CAB 195 ukiwa nyumbani, kisha taarifa za wilaya kwenye Nyaraka za Taifa za Kenya, Moi Avenue, Nairobi, na Kew mwishoni kwa PREM 11, CO 822 na FCO 141. Ukifika Kew tayari una jina la kambi na tarehe uliyoipata Nairobi, unaweza kupanda ngazi kwa ngazi, kutoka wilayani hadi kwa gavana, wizarani, mpaka kwenye meza ya Baraza, na kuona karatasi ilisimamia wapi.