Gari la Kabureta Linazima Njiani: Kifuniko, Mpira au Pampu?

Karibuni tena, watazamaji. Leo mezani kuna vitu vitatu ambavyo mwenye gari la zamani la kabureta (chombo kinachochanganya petroli na hewa) huuziwa pale gari linapozima njiani, akangoja dakika 10, likawaka tena: kifuniko cha tangi chenye kufuli, mpira wa petroli na geji ndogo ya presha. Vya aina hii mtavikuta kwa wauza vipuri wa Kampala, Kisekka, hata Ndeeba.

Tuanze na kifuniko. Ukikishika ni kizito, kufuli lake linazunguka vizuri. Sasa nakigeuza. Mnaona huku ndani? Kimeziba kabisa, hata tundu la sindano hakuna. Hiki ni cha gari la kisasa ambalo tangi lake hupumulia kwingine. Magari mengi ya miaka ya 1960 na 1970 hupumulia kwenye kifuniko chenyewe. Ukilifunga hiki, petroli inatoka lakini hewa haiingii, tangi linajinyonya, pampu inavuta mpaka inashindwa. Umetoka Kampala unaenda Masaka, ukikaribia Mpigi gari linaanza kukohoa.

Likizima, boneti iache kwanza. Nenda kwenye tangi, fungua polepole huku umetega sikio. Ukisikia hewa inaingia kwa kishindo na gari likawaka hapo hapo, ugonjwa ni huo. Hewa ikitoka nje baada ya gari kushinda juani, huo ni mvuke wa petroli; ukiwa kidogo usikusumbue. Kama tangi lako linapumua kwa kijibomba cha juu, kichomoe huku na huku ukipulize kwa pampu ya baiskeli. Nyigu wanapenda kujenga udongo humo. Ila kompresa ya gereji isiguse tangi lililofungwa, jamani: linavimba, au mshono unaachia.

Mpira sasa. Someni ubavuni: SAE J30R9, yaani daraja la mpira wa petroli. R7, daraja la chini yake, inatosha kwa presha ndogo ya kabureta, lakini R9 ina utando wa ndani unaostahimili petroli yenye ethanoli. Usiokuwa na maandishi yoyote, hata muuzaji akiapa, uache. Na ule wa plastiki unaoonyesha petroli ikipita unapendeza wiki chache tu, halafu joto linaukausha na unapasuka.

Kinachowachanganya mafundi wengi ni mpira wa upande wa kuvuta, yaani kutoka tangi hadi pampu. Ukiwa na ufa hauvuji hata tone. Unavuta hewa, na chini ya gari pakavu kabisa. Mwingine kwa nje ni mzima, ndani umebanduka. Ukivutwa unajikunja na kuziba. Chomoa, kata kipande, tazama ndani. Pima pia bomba lako kabla ya kununua: mpira wa milimita 8 juu ya bomba la 6 utavuta hewa hata ukikaza klipu mpaka mwisho. Klipu chukua zenye ukingo laini. Zile zenye matundu hula mpira.

Geji ndiyo naisifu zaidi. Injini ikiwa baridi na waya hasi wa betri umechomolewa, ifunge kwa kiungo cha T kati ya pampu na kabureta, kizimamoto kikiwa karibu. Rudisha waya, washa. Pampu nyingi za kusukumwa na injini hutoa presha ya kama psi 3 hadi 5 (psi ndiyo kipimo cha geji hii). Acha injini iungurume mpaka ianze kukohoa na mshale ushuke, kisha fungua kifuniko cha tangi. Mshale ukipanda, tangi halipumui. Ukibaki chini, fuata mpira, filta, halafu ndiyo pampu. Na msifunge pampu ya umeme iliyotolewa kwenye gari la sindano (injection), lisilotumia kabureta: hiyo husukuma zaidi ya psi 40, boya la kabureta halizuii, petroli inamwagikia injini ya moto.

Linazima kwenye jamu tu, barabara ikifunguka linaenda? Hapo kifuniko usikilaumu: ni joto, petroli inachemka kwenye bomba na pampu inavuta mvuke. Kampala iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, petroli huchemka mapema kidogo kuliko pwani. Weka kitambaa kilicholowa maji juu ya pampu. Likiwaka, sogeza bomba la petroli mbali na ekzosi.