Slaidi zangu za ngeli sasa naziandaa kwa Marp

Nafundisha Kiswahili kidato cha pili, na kila muhula slaidi za ngeli zilikuwa zinanila usiku mzima. Kuandika somo lenyewe hakunichoshi. Kilichonichosha ni kusogeza visanduku na kurekebisha ukubwa wa herufi, halafu nakuta kichwa cha slaidi ya tisa hakilingani na cha ya nane.

Mwezi uliopita nilihamia Marp, programu ya bure inayogeuza maandishi ya Markdown kuwa slaidi. Markdown, yaani namna ya kupanga maandishi ya kawaida kwa alama, ipo tangu 2004 na kanuni zake ni chache: alama ya reli (#) na nafasi mwanzoni mwa mstari hufanya kichwa, nyota mbili kila upande wa neno huligeuza kuwa la herufi nzito. Kwenye Marp, vistari vitatu (---) vikikaa peke yake kwenye mstari, slaidi mpya imeanza. Acha mstari mtupu juu yake, la sivyo maandishi yaliyotangulia yanageuka kichwa na slaidi haigawanyiki. Hilo lilinipotezea jioni nzima. Naitumia ndani ya VS Code, programu ya kuandikia msimbo na maandishi: niliweka kiendelezi cha Marp (programu ndogo ya nyongeza), juu kabisa ya faili nikaandika marp: true kwenye mstari wake, kati ya mstari wa vistari vitatu juu na mwingine chini, na slaidi huonekana pembeni huku naandika.

Jedwali la ngeli ndilo lililonifundisha. Nililiweka lote, A-WA mpaka KU, na safu za chini zikamezwa. Marp haipunguzi herufi za jedwali likizidi nafasi. Nilikasirika, kisha nikalitazama kama mwanafunzi wa dawati la nyuma: ngeli zote hizo ukutani kwa mkupuo, nani angezisoma? Nikagawa, ngeli mbili kila slaidi pamoja na sentensi za mifano. Safari hii darasa liliuliza maswali ya upatanisho, hakuna aliyeomba nirudi nyuma amalizie kunakili.

Kutoa PDF kunahitaji kivinjari kama Chrome au Edge kwenye kompyuta. Ukitoa faili la PowerPoint kwa njia ya kawaida, kila slaidi ni picha, haihaririki. Kwa hiyo walimu wenzangu nawatumia faili la maandishi lenyewe, ni jepesi mno. Juzi mmoja alibadilisha mifano ya KI-VI kwenye simu yake, akanirudishia kabla ya kengele ya kipindi.