Alabaster au Greek Villa: nyeupe mbili kwenye sebule isiyopata jua

Kwa wiki tatu vipande viwili vya ubao viliegemea ukuta wa sebule yangu hapa Columbus, Ohio. Kimoja nilikipaka Alabaster (SW 7008), cha pili Greek Villa (SW 7551), zote za kampuni ya rangi ya Sherwin-Williams. Kwenye vikadi vya dukani sikuona tofauti yoyote. Hata kipimo cha mwanga unaorudishwa na rangi kinakaribiana: Alabaster 82, Greek Villa 84.

Moyo wangu ulikuwa kwa Alabaster. Kampuni iliitangaza kuwa rangi yake ya mwaka 2016, na nimeiona kwa marafiki, inapendeza kweli. Ila sebule yangu ina dirisha moja tu, linatazama kaskazini. Januari jua la huku hupita chini upande wa kusini, ndani haliingii kabisa. Kinachoingia ni mwanga wa mawingu, wenye ubuluu. Saa nne asubuhi Alabaster ilikuwa imepoa, inaelekea majivu. Greek Villa pembeni yake ilibaki na uvuguvugu, kama maziwa yaliyochemshwa yakaanza kushika utandu. Mimi nimekulia Zanzibar, kwenye kuta za chokaa na jua la kutosha. Nyeupe iliyopoa inaninyima raha, na majira ya baridi huku ni marefu.

Usiamue usiku. Chini ya balbu za kelvini 2700, zile za mwanga wa njano, zote mbili zinakuwa krimu tu.

Greek Villa nayo ina lake: ikikaa jirani na nyeupe kali, umanjano wake unajitokeza. Fremu za dirisha langu zilikuwa nyeupe pe, na ukuta ukaonekana kama wa zamani. Nikazipaka fremu Greek Villa hiyohiyo, aina inayong'aa kidogo, na tatizo likaisha. Galoni moja hufunika futi za mraba 350 hadi 400 kwa mkono mmoja wa rangi. Nilitumia mbili, mikono miwili, na ukuta umeshiba.

Chumba cha kulala, ambacho kinatazama kusini, nilikipa Alabaster. Huko jua la mchana linaipasha, wakati Greek Villa ilipofika saa nane ilikuwa njano waziwazi. Zinakutana kwenye korido, na mpaka wake sijawahi kuona mgeni akiutambua.