Uzoefu wangu: kutuliza feni ya ThinkPad T480 kwa thinkfan kwenye Linux

Kwa mwenye laptopu ya ThinkPad yenye Linux anayehitaji ukimya, thinkfan, inayosoma joto la mashine na kuiamuru feni, ni programu ninayoipendekeza bila kusita. Mimi hurekodi masomo ya hisabati nyumbani, Dar es Salaam, kwa T480 ya mtumba, na maikrofoni inakaa karibu kabisa na kibodi. Feni yake ni nzima. Ila mpangilio wa kiwandani ni wa tahadhari, na kwa joto letu la Februari feni ilikuwa inawaka, inazima, inawaka tena. Mvumo wa aina moja naweza kuuchuja wakati wa kuhariri. Unaopanda na kushuka katikati ya sentensi ni kazi ngumu kuuondoa.

Amri za thinkfan hutekelezwa na draiva ya kerneli (kiini cha Linux) iitwayo thinkpad_acpi, inayozungumza na kidhibiti kidogo cha ndani kinachosimamia feni. Andika cat /proc/acpi/ibm/fan kwenye teminali, utaona kama feni inafanya kazi, inazunguka mara ngapi kwa dakika, na iko ngazi gani ya kasi. (Jina la IBM limebaki humo tangu ThinkPad zilipokuwa zao, kabla Lenovo hawajainunua biashara hiyo mwaka 2005.)

Kwa kawaida draiva inakuruhusu kusoma tu. Ukitaka kuamuru, unaweka mstari options thinkpad_acpi fan_control=1 kwenye faili ndani ya /etc/modprobe.d, halafu unawasha mashine upya. Ukisoma tena faili lile la feni, sasa linaonyesha na amri zinazokubalika: ngazi 0 (imezima) hadi 7, auto (inajiendesha yenyewe), na full-speed au disengaged (kasi ya juu kabisa). Nimependa kwamba mlango huu umefungwa kwa makusudi, maana anayezima feni anabeba dhamana ya prosesa yake. Na hata ukishaufungua, yupo mlinzi: draiva inaweza kupewa muda usiozidi sekunde 120, na isipopokea amri yoyote ndani ya muda huo, feni inarudishwa kwenye udhibiti wa kawaida. Programu ikikwama, laptopu haibaki na feni iliyozimwa.

Uhondo uko kwenye faili la mipangilio la thinkfan. Kila ngazi ina namba tatu: ngazi yenyewe, joto la chini, joto la juu. Langu linaanza na [0, 0, 58], kisha [1, 52, 64], kisha [3, 60, 70]. Tazama namba zinavyoingiliana. Feni ikiwa imezima haiwaki mpaka joto lifike nyuzi 58, lakini ikishawaka haizimi mpaka lishuke chini ya 52. Nafasi hiyo ya nyuzi sita ndiyo iliyoniletea utulivu. Ukiweka 58 pande zote mbili, prosesa ikicheza kati ya 57 na 59, basi feni nayo itacheza hivyo hivyo kutwa nzima. Sasa nikirekodi sauti tupu feni mara nyingi imelala. Nikianza kuchakata video inapanda ngazi kwa ngazi bila kushtuka.

Kuna usumbufu. Sensa za joto hupatikana kwenye folda ya /sys/class/hwmon, kila moja ikiwa na namba, na namba hizo zinaweza kubadilika ukiwasha mashine: iliyokuwa hwmon3 leo inaweza kuwa hwmon5 kesho, na thinkfan ikakataa kuanza. Matoleo mapya yanakubali utaje sensa kwa jina, kwa mfano coretemp ambayo ni ya prosesa, na hapo tatizo linakwisha. Miongozo mingi ya zamani bado inakuelekeza kwenye namba, usiifuate.

Jingine watu wanalisahau: diski. Feni ikinyamaza muda mrefu, SSD nayo inapata joto ingawa prosesa imetulia. Kuanzia kerneli 5.5, joto la diski za NVMe (aina ya SSD zenye kasi) linasomeka kwa njia hiyo hiyo ya hwmon, kwa hiyo nimeiongeza nvme kwenye orodha ya sensa, nayo ina haki ya kuiamsha feni.

Kabla ya yote hayo, fungua kifuniko cha chini, toa vumbi kwenye feni na kwenye mapezi ya shaba, na kama pesti ya prosesa (ile inayopitisha joto lake kwenda kwenye kipoozeo) imekauka, weka mpya. Ukipanga namba zako juu ya mashine chafu, utazipanga upya zote siku utakayoisafisha.