Konsoli ya roboti yenye sauti: nimeijaribu, maoni yangu haya

Mimi ni nesi wa thieta, nipo Marekani mwaka wa saba sasa, na kwenye upasuaji wa roboti kuna kitu kimoja kinaniuma siku zote, daktari amekaa kule kwenye konsoli, macho ndani ya kioo, mikono inafanya kazi nzuri kabisa, lakini mkononi hahisi anachogusa. Da Vinci, roboti ya upasuaji, ilipata kibali hapa mwaka 2000 na mpaka da Vinci 5 ilipokuja 2024 na vifaa vya kurudisha nguvu mkononi, mambo yalikuwa ni kuangalia tu.

Sasa juzi kwenye mafunzo tukawekewa konsoli ya mazoezi iliyofungwa sauti, aisee nilikaa nayo karibu saa nzima. Mikono ya roboti imebandikwa sensa ndogo zinazokamata mtetemo, mtetemo unatokea kwenye spika, basi. Wazo hilohilo ndo la VerroTouch, ile ya timu ya Katherine Kuchenbecker pale Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Chuma kikigusana na chuma unasikia tik, sindano ikiteleza kwenye koleo inakwaruza krrr hafifu, yaani unajua imeteleza wakati jicho bado linaitafuta. Nimeipenda sana hapo.

Ila uzi jamani. Ukivuta fundo polepole hakuna mtetemo, kwa hiyo spika inanyamaza kabisa huku uzi unakaza, nikakata uzi mara mbili kwenye ngozi ya mpira bila onyo lolote. Pale inatakiwa ipimwe nguvu yenyewe ya kuvuta halafu mlio uwe unapanda juu kadiri unavyokaza, watu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walishajaribu hiyo, kwa sauti na kwa rangi kwenye kioo. Mimi nachagua sauti, macho ya daktari yana kazi ya kutosha. Mbona oksimita, kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni ya damu, tunaijua wote, oksijeni ikishuka na mlio unashuka, na thieta nzima inageuka bila mtu kusema neno.

Nyota nne kati ya tano. Wakiongeza mlio wa uzi, na pedali ya kuongeza au kuzima sauti kwa mguu, maana sakshoni, ile mashine ya kufyonza damu, ikiwaka na watu wanaitana vifaa ile tik ndogo inapotea, mimi nitaenda kumwomba bosi wetu mwenyewe.